Umemeza Nini Leo, Baba?

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, uliyeacha vikao viwili ukaja kwenye nyama, Mkurugenzi wa kampuni yetu ya Kifaru Mpole Safari, Bwana Joseph, Baba Padre, Dada Rahel, mfamasia wa zahanati tunayoitegemea hapa jirani, wazee wetu wa kitongoji, ndugu wageni waalikwa mliotoka Endamarariek, Mang'ola na Ngorongoro, na ninyi wawili mliotoka Engaresero, ambao kwa barabara ile mnastahili kupakuliwa chakula kwanza, ndugu madereva, mafundi, wapishi na walinzi, na wewe, Mama Natalia Margwe, mtunza funguo wetu, ambaye leo umewekwa kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe na bado nakuona unahesabu kwa macho kama magari yote yamerudi yadini.

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalamu aleikum! Sopai! Wairaqw wenzangu msininunie, sisi tutasalimiana vizuri tukifika kwenye sufuria.

Kwa msionifahamu, mimi ni Marseli Bura, mzaliwa wa Endamarariek, dereva na mwongoza wageni wa kampuni hii kwa miaka ishirini na miwili. Nimechaguliwa kumuaga Mama Natalia kwa niaba ya madereva wote, anapostaafu leo. Sikuchaguliwa kwa sababu najua kusema. Nimechaguliwa kwa sababu katika yadi nzima hakuna aliyemsumbua mama huyu kama mimi, na wenzangu wakaona ni haki nijieleze mwenyewe mbele ya umma. Mkurugenzi amenipa dakika kumi na tano, akaniambia, "Marseli, ni hotuba, si safari ya siku saba." Nimemwelewa. Ila mnatujua madereva: tukikuahidi simba, lazima kwanza tukupitishe kwa viboko.

Kabla sijatia gia nina tangazo dogo. Mfuko wangu wa kulia una ufunguo wa gari namba saba, ambalo kesho saa kumi na mbili asubuhi linatakiwa liwe juu ya mteremko wa kreta ya Ngorongoro na wageni sita ndani yake, mimi nikiwa kwenye usukani. Mfuko wangu wa kushoto una kitu ambacho Mama Natalia hajakiona. Dereva yeyote wa yadi hii anajua kwamba vitu hivyo viwili haviruhusiwi kukaa kwenye suruali moja. Mnacheka? Chekeni. Mama Natalia hacheki, mtazameni, ameshaelewa. Nimejipa muda wa hotuba hii kuamua ni kipi nitarudi nacho nyumbani, kwa hiyo nisikilizeni vizuri, maana na mimi mwenyewe najisikiliza.

Kwenye karatasi za ofisi, kazi ya Mama Natalia imeandikwa mstari mmoja tu: kutunza na kutoa funguo za magari. Mtu akisoma anaweza kudhani ni kazi ya kukaa na kufuma vitambaa. Lakini nawauliza, ndugu zangu, ni nani kati yetu amewahi kupokea ufunguo mkononi mwa Mama Natalia kabla hajajibu swali? Nani? Mkurugenzi mwenyewe, mwenye kampuni, mwenye magari, mwenye kabati na mwenye kiti anachokalia mama, je, amewahi kupewa ufunguo wa gari lake mwenyewe bila kujibu? Naona anatikisa kichwa. Swali ni lile lile kila alfajiri, liwe jua au ukungu: "Umemeza nini leo, baba?"

Wageni mnatazamana. Hebu niwaeleze swali hili lilikotoka, na hapo itabidi nijivue nguo kidogo. Kwa maneno tu, Baba Padre, usihame.

Kazi yetu ya kuongoza watalii ina desturi moja ambayo sidhani kama ipo kwingine. Safari ikiisha, mgeni akifika uwanja wa ndege, anafungua begi na kuanza kugawa. Anakupa kofia. Anakupa mafuta ya kuzuia jua, ambayo mimi kwa rangi hii niliishia kupaka bawaba za mlango wa banda. Anakupa betri mbili na biskuti zilizovunjika. Halafu, kwa upendo kabisa, anakupa dawa zake zilizobaki. "Marseli, chukua, kwa ajili ya familia yako." Maboksi yameandikwa Kijerumani, Kiholanzi, Kijapani, lugha za watu. Ungekataa? Mtu amekupa kwa mikono miwili, na sisi tumelelewa kwamba dawa haitupwi, kama vile chakula hakitupwi.

Basi tukawa na kopo. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, lilikaa juu ya friji ya ofisini, na kila dereva akitoka uwanjani alimimina humo alichopewa. Maboksi tuliyatupa kwa sababu hayakuenea. Vikabaki vidonge vyenyewe, na sisi tukavipa majina. Kulikuwa na Cha Mjerumani, cha kichwa. Kulikuwa na Cha Bibi wa Italia, cha tumbo. Kulikuwa na Cha Njano, cha kiuno. Ukipiga chafya yadini, kabla hujafuta pua watu wanne wameshakuandikia dawa. Daktari bingwa wa kopo alikuwa fundi wetu Raymond, yule pale anayejifanya anatafuta kijiko. Raymond alikuwa akilitikisa kopo, anachungulia kwa jicho moja kama anavyochungulia nozeli, anachomoa kidonge na kusema, "Kula hiki, kesho utanishukuru."

Sasa ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita, mwezi wa saba, msimu umechanganya, magari hayatoshi na madereva hawatoshi. Nilikuwa nimetoka Engaresero usiku uliotangulia, siku tatu za upepo na vumbi la Ziwa Natron, nikarudi na mafua makali hadi nikawa nasalimia watu kwa kupunga mkono. Asubuhi nilikuwa na wageni wanne wa kushuka kreta. Wawili kati yao walikuwa mzee mmoja wa Kanada na mkewe, watu wapole sana, wakumbukeni hao. Raymond akatikisa kopo. "Cha Mholanzi," akasema, "cha mafua." Nikameza viwili, kwa kuwa mafua yalikuwa makubwa na mimi pia si mdogo.

Tulifika getini salama. Wageni wakashuka kwenda kutazama ile ramani kubwa ya kreta, nami nikabaki garini, nikasema nifumbe macho dakika moja kabla sijaenda dirishani na vibali. Kioo kilikuwa wazi. Mnaolijua geti lile mmeshashika vichwa, maana mnawajua nyani wake.

Yaliyofuata mimi nayajua kwa picha, kwa sababu mzee wa Kanada alipiga zote. Picha ya kwanza: mimi nimelala, mdomo wazi. Picha ya pili: nyani dume amekaa kiti cha pembeni yangu, ameshika boksi la lanchi. Picha ya tatu: nyani anamenya yai la kuchemsha, taratibu, na maganda anayaweka mapajani mwangu. Picha ya nne: nyani amechukua kofia yangu. Picha ya tano: nyani anatazama mbele kwa makini, mimi nimelaza kichwa mlangoni, na mtu asiyetujua angesema dereva ni yule mwenye mkia. Askari wa geti walipiga bati, waliniita kwa jina, walinimwagia maji. Wanasema nilifungua jicho moja nikawaambia, "Mwacheni, ni mgeni wangu."

Ndiyo, chekeni, hata mimi nilizicheka picha zile miaka mingi. Lakini hapa naomba tusimame kidogo. Kutoka pale getini ni kupanda msituni ndani ya ukungu, kisha ni ukingoni, kisha ni ule mteremko wa kushuka kreta, ambao kila dereva hapa anaujua hata kwa nyayo za miguu yake. Dawa ile ingechelewa nusu saa tu kunishika, nyani yule asingenikuta getini. Wale wageni wanne wasingepiga picha yoyote. Na mke wangu, aliyekaa pale nyuma na watoto, leo asingekuwa na sababu ya kuja kwenye sherehe hii.

Mama Natalia wakati ule alikuwa mpokeaji wa redio. Askari walipotoa taarifa, alifunga ofisi, akamkamata dereva wa akiba, Isaya, wakapanda bodaboda mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, mama katikati, kanga imefungwa juu ya kofia ya kampuni, wakapanda hadi getini. Kila mtu alingoja matusi. Mimi mwenyewe, kwa jicho lile moja, niliyangoja. Hakutukana. Alipiga goti kwenye vumbi, akanishika kidevu, akanitazama machoni, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza mtoto wake: "Umemeza nini leo, baba?"

Nikasema, "Cha Mholanzi."

Akasema, "Na huyo Mholanzi alikuwa anaumwa nini?"

Ndugu wageni waalikwa, nilimtazama Isaya. Isaya akamtazama mwenye bodaboda. Yadi nzima iliulizwa siku ile, na katika miaka yote ya kopo hakuna aliyewahi kujiuliza. Tulikuja kuambiwa baadaye. Yule mama wa Kiholanzi hakuwa na mafua. Alikuwa anaogopa ndege, na vile vilikuwa vidonge vyake vya kulala kutoka kwao hadi huku.

Kesho yake Mama Natalia alibeba kopo kichwani, kweupe, katikati ya Karatu, akalipeleka kwa Dada Rahel. Dada Rahel akalimimina mezani na kuanza kuchambua kama mtu anayechambua mchele. Vingi alivitenga pembeni akasema hata yeye havijui na hatakuwa mjinga wa kubahatisha. Vichache alivijua. Cha Njano, kile cha kiuno, ambacho Mkurugenzi wetu alikitumia wiki nzima na kutangaza kikaoni kwamba kimemrudishia ujana, kilikuwa cha minyoo ya mbwa. Mkurugenzi aliniruhusu kulisema hili. Aliniruhusu jana, leo naona amesahau. Na Raymond, Baba Padre naomba uzibe masikio, Raymond alikuwa amemaliza karatasi nzima ya vidonge vidogo akidhani ni vitamini, siku ishirini na moja bila kuruka hata moja, kwa nidhamu ambayo Dada Rahel alisema hajaiona kwa wateja wake wa kike. Vilikuwa vya uzazi wa mpango. Na ni kweli, ndugu zangu, tangu siku ile Raymond hajapata mimba.

Kopo halikurudi. Aliyerudi ni Mama Natalia, akaomba kabati la funguo lihamishiwe mezani kwake, na kuanzia hapo swali likaanza.

Mnadhani tulilipokea? Mwanaume wa Kiiraqw asimame alfajiri, mbele ya wenzake, amwambie mwanamke kwamba tumbo linamwendesha? Nani? Tulimjibu, "Sijameza kitu," mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoitikia litania. Mzee Lekoko, mlinzi wetu wa lango, yeye hakudanganya. Alisema, kwa kumwita mama kwa Kimasai, "Sijameza, yeyo. Nimekunywa." Alikuwa amekunywa supu ya magome ya mti wa olkiloriti, ile ambayo Wamasai wanajua inavyompandisha mtu mori, na rungu lake lilikuwa halitulii mkononi. Mama Natalia akafikiri, akaongeza swali: "Umemeza, au umekunywa nini leo, baba?" Siku ya pili Lekoko akasema amepaka. Likaongezwa kupaka. Siku ya tatu alikuwa ametoka kuchomwa sindano. Likaongezwa kuchomwa. Siku ya nne alijibu hapana kwa yote, akapita, akageuka akasema, "Yeyo, hujauliza kunusa." Ndiyo maana hadi leo swali kamili ni refu kuliko Nasaba ya Bwana Yesu, na ugoro umo ndani yake.

Lakini sisi wengine tuliendelea kudanganya. Kilichotuvunja nitawaambia, na nitajitahidi nisikitilie chumvi.

Ilikuwa Jumatatu, wiki chache baada ya mama kumzika mume wake. Nilifika kabatini wa kwanza. Kabla sijafungua mdomo kusema lile "sijameza" langu, akanitangulia. "Mimi leo," akasema, "nimemeza nusu kidonge cha presha. Na usiku nilimeza cha usingizi, kwa sababu tangu baba watoto aondoke kitanda kimekuwa kikubwa. Kwa hiyo leo usiniamini sana. Nikikupa ufunguo, soma namba mwenyewe." Halafu akaniuliza, "Wewe je, baba?"

Niambieni, mbele ya mwanamke aliyekuwekea mezani presha yake, usingizi wake na ujane wake saa kumi na moja alfajiri, mwanaume unabaki na nini cha kuficha? Nikasema, "Cha kuharisha, mama, na kingine sikijui." Nyuma yangu Isaya akasema chake. Nyuma ya Isaya mwingine akasema chake. Kuanzia asubuhi ile kila siku alianza yeye, miaka kumi na minne, na hakuna siku aliyotuuliza jambo ambalo hakulijibu kwanza.

Sisi Wairaqw mama tunamwita aayo. Nimemwita hivyo tangu siku ile na sikumbuki kama niliwahi kumwomba ruhusa.

Ilibaki hofu moja, na hiyo haikuwa aibu. Ilikuwa zamu. Dereva akisema ameumwa anapoteza safari, na akikosa safari mwezi wa saba watoto wanaisikia hadi mwezi wa kumi. Mama Natalia akaingia ofisini kwa Mkurugenzi, akaacha mlango wazi ili tusikie. Alitaka anayesema ukweli abaki yadini, afundishe wageni wa kazi, akague matairi, na jina lake libaki palepale juu ya ubao hadi atakapopona. Mkurugenzi akasema, "Mama, wote watajifanya wagonjwa." Mama akamjibu, "Bwana Joseph, kuna dereva anayekudanganya kuwa ni mgonjwa, na kuna dereva anayekudanganya kuwa ni mzima. Yupi atakuangushia gari?" Tukasikia kalamu. Kanuni ile iko ukutani hadi leo kwa maneno yake mwenyewe: anaumwa dereva, zamu haiumwi. Mkurugenzi, nimekutania kwa mbwa, lakini kwa sahihi ile nakuvulia kofia, hata kama si ile ya awali, ambayo sijui nyani aliipeleka wapi.

Sasa mama anaondoka, na kampuni imetuletea maendeleo. Tangu Jumatatu tuko kwenye majaribio, na kabati la mama limefungwa. Asubuhi simu yako inalia, inakuuliza, "Je, uko sawa kufanya kazi leo?" Ukibonyeza ndiyo inakupa namba, unaigonga kwenye kabati jipya, kabati linafunguka, unachukua ufunguo. Ni safi, ni haraka, hakuna foleni. Sina ugomvi na simu, ndugu zangu. Inanionyesha mechi na inanionyesha wajukuu. Ila simu haijawahi kunitangulia kuniambia yenyewe imemeza nini.

Na hapa ndipo nafika kwenye mfuko wa kushoto.

Mnajua mgongo wangu. Dereva wa barabara zetu akifika miaka hamsini na tano, mgongo huwa unamtangulia kustaafu. Jumanne nilikwenda hospitali kwa maumivu yanayoshuka mguu huu hadi kisigino, nikapewa vidonge vya mishipa. Daktari akaniambia wazi, bila Kiholanzi: vinaweza kukulevya na kukusinzisha, usiendeshe gari wiki mbili za mwanzo, kisha urudi tuone vinavyokuchukua. Nikasema ndiyo daktari. Jumatano simu ikalia, ikaniuliza kama niko sawa. Kidonge kilikuwa bado kinayeyuka kooni. Nikabonyeza ndiyo.

Ndiyo. Mimi. Marseli wa nyani.

Alhamisi nilikwenda Mang'ola na gari tupu kuchukua mahema yetu. Wakati wa kurudi, karibu na mjini, Sinyati, dereva mwenzetu niliyekuwa naye, akaniambia, "Mzee Marseli, lile lori la vitunguu lilikukaribia sana." Nikamuuliza, "Lori lipi?" Ndugu zangu, lori la vitunguu vya Mang'ola hunuka kabla halijaonekana na huonekana kabla halijafika, na mimi sikulikumbuka kabisa. Sinyati alinyoosha mkono tu akaomba usukani, nikampa, nikamdanganya kuwa ni njaa.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu ya wageni wa kesho. Mzee wa Kanada amerudi. Yeye na mkewe, miaka kumi na minne baadaye, wamekuja na wajukuu wanne, na waliandika barua kwa kampuni kuomba dereva mmoja tu duniani: yule aliyelala na nyani. Picha zile zimetundikwa ukutani kwao. Wale watoto wamekua wakiniona. Niliutamani mteremko ule kesho kuliko ninavyoweza kusema, nikiwa macho safari hii, ili mzee yule anione nikiwa macho walau mara moja kabla hatujafa. Nilijiambia nitaruka kidonge cha leo jioni, nani atajua? Lakini aayo, ulishatuambia zamani kwamba dawa uliyoandikiwa ukaiacha kimyakimya nayo ni jibu la swali lako. Na hata nikiiacha leo, lori la Alhamisi sitalikumbuka.

Mama Natalia, wewe bado ni mtunza funguo wa yadi hii hadi jua lizame, na jua naliona pale juu ya paa la gereji. Nakuomba uniulize. Usisimame, mama, uliza ukiwa hapo hapo. Na usiniulize lile refu, Lekoko hayupo zamu.

Asante. Mmesikia wote? Amesema yeye leo amemeza nusu ya presha na hajalala vizuri kwa kutuwaza. Na ameniuliza mimi.

Basi mimi, aayo, nimemeza hiki. Kiko hapa, na karatasi yake ya maelezo, na jina la daktari. Nilikimeza Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na leo asubuhi, na kila siku nilipoulizwa na simu nilisema uongo. Dada Rahel, pokea usome, kisha unirudishie, maana hiki ni cha kwangu na nitaendelea kukimeza.

Na huu hapa ufunguo wa gari namba saba. Nauweka mezani mbele yako. Sinyati, njoo uuchukue. Usitazame chini, mwanangu, una miaka sita kwenye usukani na unashuka kreta vizuri kuliko nilivyokuwa nashuka mimi umri huo. Wageni watakuuliza Marseli yuko wapi. Waambie yuko macho. Waambie ndiyo maana hakuja, na kesho jioni wakirudi Karatu nitawangoja langoni nikiwa na mayai ya kuchemsha.

Mkurugenzi, usihangaike na kunifukuza mbele za watu, nina pendekezo. Hilo kabati jipya libaki, na simu zibaki. Lakini kwa wiki hizi mbili siendeshi, na zamu yangu haiumwi, iko pale juu ya ubao. Kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha Mama Natalia, mbele ya kabati. Kila dereva atakayekuja kugonga namba atanisikia kwanza mimi nikitaja nilichomeza, na mgongo wangu, na lori nisilolikumbuka. Kisha nitamuuliza. Nikirudi barabarani, atakaa mwingine aliyebaki yadini. Hatutakosa, kwa migongo hii.

Naona Mkurugenzi anaitikia kwa kichwa. Diwani ni shahidi, Baba Padre ni shahidi, na Raymond ameweka kijiko chini.

Mama Natalia, madereva wamekununulia godoro jipya, wenyewe watalileta sasa hivi. Tumekusikia miaka yote ukisema kitanda ni kikubwa. Hatukuweza kukipunguza, tukaona angalau kiwe laini. Nenda ukalale, mama. Lala hata saa nne asubuhi, funguo zina mtu.

Mheshimiwa Diwani, Bwana Mkurugenzi, wazee wangu, ndugu zangu wote, asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe, aayo, asante kwa kuniuliza.